Mbwa Aliyeitwa Tunahama

Hapo zamani, si zamani ile ya wanyama kusema, bali zamani ya juzijuzi tu, wanyama walipokuwa wamekwisha kunyamaza na kuwaachia watu kazi yote ya kusema, palikuwa na mji mdogo milimani Upareni, jina lake Ndolwe. Ulikuwa mji mzuri. Ulikuwa na kanisa, msikiti, soko, uwanja wa mpira wenye goli upande mmoja, na ukungu wa bure kila asubuhi. Watu wake walikuwa wema kupindukia. Msiniamini mimi; waulizeni wenyewe, watawaambia.

Katika mji huo aliishi mkunga mstaafu, jina lake Namsifu. Nusu ya watu wa Ndolwe walikuja duniani kupitia mikononi mwake, na kwa kuwa aliwafahamu tangu mwanzo, hakuwa na matumaini makubwa nao. Mumewe alikuwa amefariki, bintiye ameolewa Tanga, na yeye alibaki na nyumba yenye baraza na ua mpana uliozungushiwa minyaa. Alipostaafu alitaka kupanda maua. Watu wakamletea mbwa.

Hakuwaomba. Asubuhi moja alikuta mbwa amefungwa kwenye nguzo ya lango lake, mbavu zinahesabika, akampa ugali na dagaa. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Mji mzima ukapata habari kwamba kuna mtu mwenye huruma, na hakuna kitu kinachofurahisha watu kama huruma inayotoka mfukoni mwa mwingine. Wakaanza kuja. Kila mmoja alikuja na mbwa, na kila mmoja alikuja na sababu.

Namsifu hakugombana na mtu. Alisikiliza sababu mpaka mwisho, akapokea kamba, akamshukuru mwenye mbwa kwa moyo wake mkubwa, kisha akampa mbwa jina. Jina lilikuwa ileile sababu. Kwa hiyo uani kwake alikuwapo Mzio, kwa kuwa mtoto wa mwenye mbwa alipata mzio ghafla, mzio ulioanza siku ileile mbwa alipoacha kuwa mdogo na wa kupendeza. Alikuwapo Anakula Sana. Alikuwapo Tulidhani Dume, aliyefika na wanawe. Alikuwapo pia Mke Wangu Hataki. Wakati wa kuwalisha, mkunga alisimama barazani akaita kwa sauti ile aliyokuwa akiitumia wodini: "Mke Wangu Hataki! Njoo ule!" Na bwana mmoja aliyekuwa akipita barabarani na mkewe akaongeza mwendo.

Kuleta mbwa kwa Namsifu kulikuwa rahisi. Kuchukua mbwa kwa Namsifu kulikuwa kugumu kuliko kuposa. Ukimwambia unataka mbwa, hakukupa jibu. Alikuja kwako siku usiyoitarajia. Aliomba maji ya kunywa, akaitazama ndoo. Aliwatazama kuku wako kama wanakukimbia au wanakufuata. Kisha akauliza: "Mvua ikinyesha, atalala wapi?"

Mmoja alimjibu kwamba mbwa hasumbuliwi na mvua. Namsifu akamwomba asimame naye uani wangoje mvua, wapate kuhakikisha. Mwingine alimwonyesha kibanda kizuri cha mbao, ila ndani kilikuwa kimejaa magunia ya mkaa, na mkaa haukuwa na mpango wa kuhama. Lakini wapo waliofaulu. Mke wa fundi cherehani, kabla hata hajaulizwa, alikuwa amekwisha kuisogeza cherehani ya mumewe apate pembe ya kumlaza mbwa. Huyo alipewa Mzio siku hiyohiyo, na fundi akashona suruali akiwa amekaa upande.

Sasa, kati ya mbwa wale palikuwa na jike mwekundu, sikio moja limesimama na jingine limekunjika. Huyu aliletwa na Mbonea Kajiru, mwenye duka la saruji na mabati, mtu mnene mwenye sauti iliyozoea kumwita fundi aliye juu ya paa.

"Shikamoo, mama mkunga. Nimekuletea mbwa. Tunahama."

"Marahaba. Mnahamia wapi, mwanangu?"

"Mbali," akasema Mbonea, akitazama minyaa.

"Poleni na safari."

Namsifu aliwaombea hata safari njema. Siku chache baadaye alikwenda sokoni, akamwona Mbonea anashusha makochi upande wa pili wa uwanja wa mpira. Huko ndiko mbali. Alikuwa amejenga nyumba mpya yenye vigae vinavyong'aa sakafuni, na vigae vile havikutaka nyayo za mbwa.

Basi mbwa akaitwa Tunahama. Mji mzima ulielewa jina lile na ukalicheka. Mbwa peke yake ndiye hakuelewa. Kila pikipiki ya Mbonea ilipopita barabarani, lile sikio lililokunjika nalo lilijitahidi kusimama. Alikataa kula mpaka mbavu zikatoka nje, na Namsifu akamlisha kwa mkono mpaka akapona. Namsifu aliliona kila siku, na kila siku lilimtia hasira upya. Ikawa anapokaa barazani, Tunahama anakuja kulala kwenye ngazi na kuweka kidevu juu ya kiatu chake. Hakumfukuza. Ndani ya nyumba hakumruhusu, kwa maana hakuna mbwa aliyewahi kuruhusiwa. Ukimwingiza mmoja, wote watataka kujua kosa lao ni nini.

Watu watatu walimtaka Tunahama.

Wa kwanza alikuwa Mbonea mwenyewe. Wezi waliruka ukuta wake mpya wakaondoka na pampu ya maji, na hapo Mbonea akakumbuka kwamba alikuwa akimpenda sana mbwa wake.

"Nimekuja kumchukua mbwa wangu, mama mkunga."

"Mmerudi?" akauliza Namsifu. "Karibuni. Huko mbali watu wanaishije?"

Mbonea hakucheka. "Huyu nimemlea tangu hajafumbua macho. Mama yake aligongwa na lori. Nilimnywesha maziwa kwa kijiko, mimi mwenyewe, si mfanyakazi. Nakuomba."

"Ulimnywesha kwa kijiko, ukamtupa kwa pikipiki. Sikiliza, Mbonea. Wewe nilikutoa mimi, na ulitanguliza miguu. Tangu siku ile hujapata kuja kwa njia iliyonyooka. Siku nitakayosikia mbwa huyu ameonekana ndani ya geti lako, nitakuita mwizi mbele ya mtendaji, na mbele ya mkeo. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Nenda salama. Ni mbali."

Wa pili alikuwa Mwalimu Eliamini, mwalimu wa kwaya, kijana mwembamba ambaye hakuweza hata kupanda ngazi ya kubadilisha balbu kanisani bila kufumba macho. Alikuwa akiishi na mama yake. Mama akafariki, na nyumba ikawa kimya. Namsifu alikwenda kwake. Alikuta zulia safi, vitambaa vya kufuma juu ya makochi, na godoro dogo jipya karibu na kitanda.

"Mvua ikinyesha, atalala wapi?"

"Hapa, mama. Na jua likiwaka pia hapa."

"Na atakula nini?"

"Ninachokula mimi. Nitampikia wali."

"Wewe hutaki mbwa," akasema Namsifu. "Unataka mtu wa kukusikiliza ukijaribu sauti ya nne. Mwaka haujaisha, mbwa atakuwa mnene kama mchungaji." Lakini hakumfukuza kabisa. Alimwambia awe anakuja Jumamosi kusaidia kuwaogesha na kuwatembeza, na yeye atafikiri. Eliamini akaja kila Jumamosi. Namsifu akafikiri. Masika yakapita, yeye bado anafikiri.

Wa tatu alikuwa Nietiwe, mwanamke mfugaji wa mbuzi aliyeishi juu kabisa, karibu na msitu. Alikuja na fimbo yake na harufu ya zizi, akakataa kukaa, akasema anataka mbwa wa kulinda mbuzi, na kwamba amemtazama huyu mwekundu na anaona ana akili.

"Mvua ikinyesha, atalala wapi?"

"Zizini na mbuzi. Kuna joto kuliko kitandani kwangu."

"Utampiga?"

"Akila mbuzi nitampiga. Wanangu niliwapiga, na mpaka leo wananitumia khanga kila Krismasi."

Namsifu akasema hakumponyesha mbwa yule ili aje apigwe.

"Basi mbuzi wangu niwalinde na nini, mama mkunga? Mbweha wananimaliza."

"Mlima umejaa mawe," akasema Namsifu. "Tumia mawe."

Alilipenda jibu lake. Alilirudia jioni ile kwa jirani, na jirani akacheka.

Watatu walimtaka, watatu hawakumpata. Namsifu alijiambia kwamba nyumba inayofaa bado haijapatikana. Alijiambia hivyo akiwa barazani, kidevu cha mbwa kikiwa juu ya kiatu chake.

Ikafika Jumamosi moja ya vuli. Yaliyotokea siku ile Namsifu aliyapata vipande vipande, kila kipande kutoka kwa mwenyewe, na kila mwenyewe alianza kwa kusema, "Mimi sikukusudia." Vipande vile ukiviunga, vinakuwa hivi.

Eliamini alimchukua Tunahama kumtembeza. Walipofika uwanja wa mpira, mbwa akaanza kuvuta kamba kuelekea upande wa pili. Akavuta mpaka akakohoa. Mtu mwingine angekaza mkono. Eliamini alikuwa na huruma, na huruma yake ilikuwa ya haraka; alipiga magoti akalegeza fundo ili mbwa apumue vizuri. Mbwa akapumua vizuri sana. Akaondoka.

Alikimbia moja kwa moja mpaka kwa Mbonea. Geti lilikuwa wazi, Mbonea amesimama hapohapo, na mbwa akamrukia kifuani kwa miguu yenye matope, akilia kama mtoto aliyepotea sokoni. Mbonea alimshika kichwa. Alimshika kwa mikono miwili. Kisha akakumbuka alivyoambiwa kuhusu mtendaji, na mkewe, na neno mwizi. Akamsukuma nje, akasema "Rudi kwenu," akafunga geti. Mbwa alibisha geti kwa kucha kwa muda mrefu. Mbonea aliongeza sauti ya redio.

Ukungu ulishuka mchana ule kabla ya wakati wake. Mbwa akapanda mlima, hajui aendako, na huko juu akasikia kengele za mbuzi. Pengine alitaka kukaa na kiumbe chochote kitakachomkubali. Nietiwe aliona kivuli chekundu kinaingia katikati ya mbuzi wake, hakuona sikio, akadhani ni mbweha. Akaokota jiwe akatupa, na mkono wa Nietiwe ulikuwa haukosei. Kivuli kikalia, kikatimka kuteremka.

Chini ya hapo palikuwa na tangi la maji la mradi. Ninaliita tangi kwa heshima. Lilizinduliwa mara mbili, mara ya kwanza kwa ngoma na mara ya pili kwa keki, na halikuwahi kupokea tone. Lilikuwa shimo refu la mraba lenye kuta za zege, limeachwa wazi mlimani, na pembeni yake kibao cha marumaru kinachoeleza nani alilizindua. Kibao kilizungushiwa uzio. Shimo halikuzungushiwa kitu.

Tunahama akatumbukia humo.

Eliamini alirudi kwa Namsifu na kamba tupu. Walitafuta mpaka giza likawarudisha, mkunga akiita jina lile kwenye ukungu, na watu waliosikia "Tunahama! Tunahama!" walichungulia madirishani kuona ni nani tena anayehama. Hakuna aliyetoka.

Kulipokucha mvua ilikuwa inanyesha. Nietiwe alikuwa anapeleka mbuzi malishoni alipopita karibu na tangi akasikia sauti ndani. Akachungulia. Aliona maji yameanza kujaa, na juu ya kifusi kilichobaki kwenye pembe ameegemea mbwa mwekundu, mguu wa nyuma umepinda kusikopindika. Aliona pia alama ya jiwe juu ya jicho. Akajua kivuli cha jana kilikuwa nani.

Hakuwa na mtu wa kumwachia mbuzi. Aliwaacha hivyohivyo, akateremka mlima mbio, mwanamke wa umri wake, akafika langoni kwa mkunga hana pumzi.

"Mbwa wako yuko kwenye tangi la mradi. Ni mimi niliyempiga jiwe. Lete kamba, utanitukana baadaye."

Namsifu hakutukana. Kwanza kwa kuwa hapakuwa na muda, pili kwa kuwa lile neno "jiwe" lilimwingia mahali fulani likakaa. Alimtuma Eliamini, aliyekuwa amefika alfajiri waendelee kutafuta, dukani kwa Mbonea akalete kamba, naye akapanda mlima kwa magoti yake mabovu.

Ndolwe nzima ilikuwa imefika kabla yake. Hilo sina budi kuwasifia watu wale: hawakuwahi kuchelewa kutazama. Walikuwa wamezunguka shimo na simu zao mikononi. Vijana wenye vifua walikuwa wakielezana namna ya kushuka. Kila mmoja alijua namna. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwapo pia, akiwahakikishia watu kwamba tangi lenyewe halina tatizo, na kwamba kwa mara ya kwanza, kama wanavyoona wenyewe, lina maji.

Kamba ikaja, na aliyeileta alikuwa Mbonea, ameacha duka wazi, amevaa suti ya kanisani. Vijana walipoiona kamba wakakumbuka wana maumivu ya mgongo. Eliamini aliichukua. Alijifunga kamba kiunoni, uso umekuwa kama majivu, akafumba macho, wakamteremsha.

Maji yalimfika kifuani. Alijivuta mpaka kwenye kifusi, akanyoosha mkono, na mbwa akamng'ata. Hakumng'ata kwa mzaha; meno yalipita kiganjani, mkono wa kulia, ule wa kupigia kinanda. Akajaribu tena, akang'atwa tena.

"Simwezi!" akalia Eliamini kutoka chini. "Mama, ananiogopa! Simwezi, na maji yanapanda!"

Namsifu aliita kutoka juu. Aliita "Tunahama", kwa upole wote aliokuwa nao, na mbwa hata hakugeuza kichwa. Alikuwa amemlisha siku zote kwa jina lile, na sasa jina lile halikuwa na kazi.

Hapo Mbonea Kajiru, mwenye duka, mzee wa kanisa mtarajiwa, alilala kifudifudi kwenye tope na suti yake, akaingiza kichwa shimoni.

"Kitumbua," akasema.

Watu wakatazamana; hakuna aliyejua kwamba mbwa aliwahi kuwa na jina jingine.

"Kitumbua wangu! Mimi hapa. Baba yupo. Tulia, Kitumbua, tulia mama, huyo si adui, mwache akushike. Kitumbua wa baba..."

Alikuwa analia. Simu zote ziligeuka kutoka shimoni zikamwelekea yeye, na aliziona, na hakuacha. Na mbwa akasimamisha sikio, lile lililokunjika, akafunga mdomo, akamwacha Eliamini amfunge kamba. Wakamvuta. Kisha wakamvuta Eliamini, ambaye alitapika kidogo pembeni ya kibao cha marumaru.

Nietiwe aliporudi malishoni alikuta mbuzi wote isipokuwa mmoja, yule mwenye mimba. Alikuta damu kwenye majani.

Dokta Nakijwa, daktari wa mifugo, alimtibu mbwa palepale barazani kwa Namsifu, watu wakiwa wamejaa uani. Alimchoma sindano ya usingizi, akaunyoosha mguu, akaufunga plasta, kisha akaufunga mkono wa Eliamini, akisema hajawahi kupata mgonjwa anayelalamika kidogo namna hii. Alimaanisha mbwa.

"Sasa nisikilizeni," akasema. "Huyu harudi kwenye kundi la mbwa wengine. Wakimrukia mara moja, mguu umekwisha, na mguu ukiisha itabidi nimchome sindano nyingine, na mnajua ni ipi. Anahitaji nyumba moja na mtu mmoja. Hapaswi kuhamishwahamishwa. Niambieni anakwenda kwa nani, nimpeleke sasa hivi nikamlaze mwenyewe."

Mbonea ndiye aliyeanza, tope limemkauka kifuani.

"Anakwenda kwangu. Kuna mtu hakuona? Aliitikia kwa nani? Mnaweza kunicheka, na najua jioni hii mtanicheka, lakini bila sauti yangu mngekuwa mmesimama pale mnapiga picha ya mzoga. Mimi ndiye nyumbani kwake. Alipolegezwa kamba alikimbilia wapi?"

"Alikimbilia kwako," akasema Eliamini, "ukafunga geti."

"Nilifunga kwa sababu niliambiwa nifunge! Muulize mama mkunga aliniambia nini nikionekana na mbwa huyu. Ningemfungulia ningeitwa mwizi. Nimemfungia naitwa katili. Niambieni basi, mtu mwema afanye nini na geti lake?"

Eliamini aliunyanyua mkono wake uliofungwa. "Mimi sina sauti anayoijua. Najua pia ni mimi niliyelegeza kamba. Sitaki mtu anikumbushe, najikumbusha mwenyewe. Lakini nilishuka. Wote mlikuwapo, na hakuna aliyeshuka ila mimi. Alining'ata nikarudisha mkono uleule. Daktari anasema vidole viwili huenda visirudi sawa. Sijui kama nitapiga kinanda tena. Godoro lake liko tayari tangu kabla ya masika, na mimi nyumbani nipo mchana kutwa. Nani mwingine hapa yupo nyumbani?"

Nietiwe alikuwa amesimama mbali kidogo, kwenye mvua, kwa kuwa hakupenda kuingia barazani na viatu vile.

"Mimi nilimpiga jiwe," akasema. "Nilisema mwenyewe kabla sijaulizwa, nanyi mlisema mlipobanwa. Nilimwona, nikaacha mbuzi wangu peke yao. Ningesema nimalize kwanza kuwachunga, sasa hivi daktari angekuwa anafanya kazi nyingine. Yule mbuzi ndiye alikuwa maziwa yangu ya mwaka ujao. Simdai mtu mbuzi. Nataka mbwa. Huyu wa geti anataka kengele ya wezi, huyu wa kinanda anataka mama. Mimi nataka mwenzangu wa kazi, na mguu ukipona nitampa kazi. Mpaka upone, atalala kando ya moto na mimi nitalala zizini."

Mtu mmoja uani, mwenye busara nyingi, alipendekeza mbwa aachiwe achague mwenyewe. Watu wakashangilia. Wakasogea, wakamwachia nafasi. Mbwa, aliyekuwa na dawa mwilini, alichagua kukoroma.

"Mama," akasema Dokta Nakijwa kwa sauti ya chini, "na wewe je?"

"Mimi?" akasema Namsifu. "Mbwa haingii ndani ya nyumba yangu."

"Najua. Nakuuliza tu."

Namsifu aliugeukia mlango wa nyumba yake. Alikuwa amezikagua nyumba za watu wote, ametazama ndoo zao na kuku wao, na hakuna aliyewahi kuja kukagua ya kwake. Alimponyesha mbwa huyu alipokonda mbavu nje kwa kumkumbuka Mbonea, si kwa kukosa chakula. Alimlisha. Lakini kama angekwisha kumtoa kwa yeyote kati ya hawa watatu, mbwa asingekuwa mlimani kwenye ukungu anatafuta wa kumkubali. Na lile geti lilifungwa kwa neno lake. Na lile jiwe lilitupwa kwa neno lake, neno ambalo alilirudia kwa jirani ili lichekwe tena.

"Sema basi, mama mkunga," akasema Nietiwe, bila ukali. "Wewe siku zote unajua nani hafai. Leo tuambie nani anafaa."

Namsifu aliinama, akamwinua mbwa kutoka sakafuni kwa namna aliyozoea kuinua watoto, mkono mmoja chini ya kichwa. Akasimama naye. Mbele yake walikuwa watatu wamenyoosha mikono: mmoja wa tope, mmoja wa bandeji, mmoja wa harufu ya mbuzi. Nyuma yake mlango wa nyumba ulikuwa wazi.

Mimi nimefika hapo, na siendi mbele. Sasa ni zamu yenu, mnaojua sana kuhukumu mkiwa mmekaa. Yupo aliyemlea akamtupa, akamfungia geti, kisha akamwita mbele ya watu wote akaitikiwa. Yupo aliyemlegezea kamba, kisha akashuka shimoni akatoa mkono wake. Yupo aliyempiga jiwe, kisha akamwona, akapoteza mbuzi. Na yupo aliyemponyesha, akamnyima kila mtu, na ulimi wake ulikuwa kwenye geti na kwenye jiwe.

Je, nani alistahili kupewa mbwa yule? Na msinijibu "wote", maana mbwa ni mmoja, na mguu wake ni mmoja. Jibuni, tena jibuni upesi. Mbwa ni mzito, na mikono ya mkunga imeanza kuchoka.